Matumbawe si Vifaranga

Nakumbuka siku moja ya Julai, ukungu umeuficha Mlima Meru tangu asubuhi, nikalifunika tangi la samaki kwa blanketi. Usicheke, mwanangu. Kesho unaondoka na kipande cha tumbawe langu kwenda kuanzisha tangi lako, na sitaki urithi na kosa langu pia.

Nilikuwa binti wa kazi kwa Bi Saada, mjane, mwenyeji wa Tanga aliyeolewa huku bara akabaki Kisongo. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu; safari ya kwao hakuiweza tena. Ndipo mwanawe akamwekea sebuleni tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wawili, na matumbawe ya zambarau na kahawia. Kila jioni alivuta kiti akakaa mbele yake. Bahari aliyobakiwa nayo ilikuwa hiyo tu.

Wiki ile alikwenda kutibiwa miguu, akalala kwa binti yake Kaloleni mjini. Aliniachia maagizo mawili: taa ziwashwe saa tatu asubuhi na kuzimwa saa kumi na mbili jioni, na hita ya kupashia maji isiguswe. Maagizo mepesi, hata mtoto angeyaweza. Lakini baridi ya Julai unaijua. Mimi nimezaliwa mteremkoni mwa Meru, nimelea vifaranga wa mama yangu, na kwetu kifaranga akipata baridi unamwachia taa mchana na usiku, unafunika na boksi lake kwa blanketi kuukuu. Nikawatazama wale viumbe wa pwani, nikawaonea huruma kweli. Nikaongeza hita. Taa sikuzima tena. Halafu blanketi.

Siku ya nne matumbawe yalikuwa yamepauka kwa joto, meupe kama chaki, na Bi Saada akarudi. Nilimwamkia shikamoo, nikampokea mkoba, na kabla hajauliza lolote nikasema, "Umeme ulikatika, Bi Saada. Siku mbili nzima."

Alijikongoja hadi kwenye tangi, akatumbukiza vidole.

"Umeme ukikatika maji hupoa, mwanangu," akasema. "Haya yana joto la kumwogeshea mtoto."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni. Nikalia, nikamweleza yote, vifaranga na blanketi. Nilijua nitafungasha jioni hiyo hiyo. Lakini niliona machozi yanamlenga, na hilo liliniuma kuliko kufukuzwa.

Nikataka kukimbilia barafu jikoni. Akanishika mkono. "Tulia. Umeyachemsha kwa haraka, sasa unataka kuyagandisha kwa haraka? Tutayapoza kidogo kidogo." Akauachia mkono wangu, akasema, "Najua uliyapenda. Ila uliyapenda kama vifaranga wako. Haya yanahitaji nuru, na giza vilevile. Hata baharini kuna usiku."

Tukashusha hita kidogo kila siku, taa tukaziwasha saa chache tu. Mengi yalikufa, mwanangu, sikufichi. Bi Saada aliyatoa moja moja kwa mkono wake, bila kunisema. Likabaki moja, lina doa la kahawia lililobaki hai, lisilozidi punje ya hindi. Tulikaa mbele yake kila jioni, yeye kwenye kiti, mimi chini kwenye mkeka, mpaka miezi ikapita na doa likawa na ukubwa wa kiganja. Alipofariki, mwanawe aliniletea tangi lile. Alisema mama aliagiza nipewe mimi, kwa sababu nimeshajua tumbawe linavyokufa.

Kipande ulichofungiwa kimetoka kwenye tumbawe hilo. Basi sikia. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Unayempenda, iwe tumbawe, mke au mtoto, muulize kwanza kama anasikia baridi, usimfunike kwa sababu wewe unatetemeka. Ukikosea, sema mapema, maana uongo nao unaongeza joto. Ukirekebisha, rekebisha polepole. Na ikifika jioni zima taa, hata kama macho yako hayajashiba kutazama.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe joto la kukutosha na giza la kupumzikia, na siku utakayoharibu cha mtu, akukutanishe na mkono kama ule ulionishika mimi.