Mama Aliyetaka Redio Inyamazishwe

Najua ukisikia Sumbawanga tu unaanza kutabasamu. Radi za kiangazi, wachawi wa kuruka na ungo, hayo yote tumeshaambiwa. Cheka umalize, halafu nisikilize, maana hili sikusimuliwa na mtu. Lilinikuta mimi, dukani kwangu Majengo, mchana kweupe, na wala sikuwa nimeonja kitu.

Mimi ni fundi wa redio za upepo, zile wanazoshika walinzi. Walinzi wa maduka ya Majengo, sungusungu wa kijiji cha Mollo na wale wanaolinda chanzo cha maji milimani Mbizi walikubaliana wawe na mawasiliano ya pamoja. Wakaniletea redio kumi na nne za kila namna: za Kichina, za msaada, nyingine zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kuzifanya zielewane ni kazi, usione hivi! Kila moja unaichomeka kwenye kompyuta, unaiandikia masafa yaleyale na toni ileile. Toni ni kama ufunguo: ukituma bila toni sahihi, redio za wenzako hazitoi sauti hata kidogo.

Jumamosi nikamaliza. Nikawapanga walinzi uani, nikaingia ndani, nikaita redioni, "Mnaonisikia nyoosheni mikono!" Wakanyoosha wote. Wakanipigia makofi, nami nilivyo na kichwa kikubwa, nikavimba.

Kesho yake Kizito, baba wa watoto watatu, akapanda Mbizi kwenye zamu yake, peke yake. Simu huko haishiki mtandao. Jioni tukaita vituo kimoja kimoja. Vyote vikajibu, Mbizi kimya. "Kizito kalala," mmoja akasema. "Pombe ya kimpumu hiyo!" nikadakia mimi hewani, na tukacheka kweli. Jumatatu asubuhi bado kimya. Mkewe akaja dukani na mtoto mgongoni kuniuliza. Nikamwambia, "Shemeji, redio zangu ni nzima, mumeo anajua mwenyewe anachofanya." Mungu anisamehe.

Mchana ikanyesha mvua kubwa, ukungu ukashuka hadi barabarani. Akaingia mama mmoja wa makamo, hana mwavuli, hana viatu, na kanga yake kavu kabisa. Kavu! Nililiona hilo, lakini akili ikakataa kulishika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii inaongea tangu jana," akasema kwa lafudhi nzito ya Kifipa, akaweka mezani redio ya zamani, kubwa kama tofali. "Inyamazishe. Hatulali, mimi na mzee wangu."

Kabla sijaigusa, ikaita. "Majengo, Majengo, hapa Mbizi. Nimeanguka korongoni, mguu umevunjika. Jamani, hakuna anayenisikia?"

Sauti ya Kizito. Naijua kama ninavyoijua ya ndugu yangu. Nikanyakua redio yangu mwenyewe. "Kizito! Nakusikia, ndugu yangu! Uko upande gani?"

Yangu ikabaki bubu. Ile ya mama ndiyo iliyojibu, kwa kilio. "Fundi! Umenisikia! Chini ya chanzo, kwenye mawe mengi. Fundi, nina baridi."

Nikaigeuza nione inatumia betri gani. Niamini, msomaji: haikuwa na betri. Mfuniko ulikuwa umeoza, na ndani hamna waya hata mmoja, ni udongo tu na makapi ya ulezi. Nikainua macho. Mama hayupo. Nje tope limejaa mlangoni, na hakuna unyayo hata mmoja. Sikuogopa, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Nilipiga magoti palepale, kama niko mbele ya altare.

Tukapanda watu saba kwa pikipiki, halafu kwa miguu. Tulimkuta palepale aliposema, midomo imekauka, redio kifuani. Yale mawe mengi yalikuwa makaburi mawili yaliyomezwa na majani. Mzee mmoja wa Mollo tuliyekuwa naye alipoliona lile ganda la redio mkononi mwangu, akavua kofia. Akasema aliyelala pale ni mlinzi wa zamani wa msitu, alizikwa na redio yake mbovu, na kando yake ni mkewe. Tukalirudisha kaburini, tukasali.

Usiku ule niliichomeka redio ya Kizito kwenye kompyuta. Toni ya kupokea, sawa. Toni ya kutuma, nilikosea tarakimu. Alikuwa anatusikia, sisi hatumsikii. Na pale uani niliuliza nani ananisikia mimi. Hata mmoja sikumwambia aongee.

Nilikwenda hospitali kukiri. Kizito aliniangalia bila hasira, na afadhali angenitukana.

"Nilikuwa nawasikia, fundi," akasema. "Wote. Hata mlipocheka."

Leo Kizito anatembelea mkongojo. Mimi napanda hadi kila kituo kwa miguu yangu, na siondoki mpaka aliyeko huko aongee na wenzake wamjibu. Wananiita msumbufu, na waniite tu. Na wewe, mtu wako akinyamaza, usimtungie sababu. Mfuate leo, maana huenda amekuita mpaka wafu wakakosa usingizi.