Kamanthe na Chifu wa Filamu

Watu wa filamu walipofika Kola mwaka 2003, walimchukulia Kamanthe kama mama wa kushika jembe tu. Walikuja kuigiza ile njaa ya 1984, wakati kina mama wa mwethya, chama chetu cha kusaidiana kazi, walipookoa kilima kisimomonyoke kwa kuchimba matuta. Mimi Peris, jirani yake, nilichimba. Aliyepima usawa wa mistari ya kuchimba ni Kamanthe, kwa kamba na chupa ya maji. Lakini kwenye hadithi yao, aliyepima ni chifu. Chifu! Nilichemka.

"Wacha tu, Mama Ndanu," nikamtuliza Kamanthe hata hivyo. "Si ni filamu?"

"Wajukuu wangu wataamini hiyo filamu," akasema. "Nikikufa, nani atawaambia ilikuwa mimi?"

Kamera zikawashwa. Chifu wa kuigiza akaamrisha kwa madaha, na waigizaji wa Nairobi wakachimba huku wakiutupa udongo upande wa chini wa mtaro. Kina mama tukaangua kicheko. Ukambani hata mtoto anajua udongo hutupwa juu, la sivyo mvua ya kwanza inaubeba wote mpaka mtoni.

"Simamisha! Nani anacheka?" akafoka Onesmus, kijana aliyeongoza filamu.

"Ni mimi," Kamanthe akasema, akijitokeza. "Hebu ambia chifu wako apime hapa."

Chifu akaishika kamba kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe anayelia. Kamanthe akamnyang'anya. Akaning'iniza chupa katikati, akatuita wawili tushike ncha, akawa anatazama maji na kutuelekeza, panda kidogo, shuka kidogo. Kabla ya saa sita mstari ulikuwa umekata kilima kizima. Tukachimba tukiimba, udongo juu, na mimi nikalia kwa fahari bila aibu yoyote.

Onesmus alikuna kichwa. "Kwani 1984 nani alipima?"

Tukamwonyesha Kamanthe kwa vidole, wote. Siku hiyohiyo chifu alivuliwa kofia, na mwigizaji wa kike akapewa kamba.

Filamu ilipokamilika, ilionyeshwa Jumapili moja baada ya ibada, wajukuu wa Kamanthe wakiwa mstari wa mbele. Yule mwigizaji aliposema, "Mimi ni Kamanthe wa Kola, nifuateni," watoto wote waligeuka kumtazama nyanya yao. Kamanthe alikuwa tayari amesimama juu ya benchi.

"Ni ukweli!" akapaza sauti. "Na hawajaonyesha nilikuwa na mimba ya miezi saba!"