Mama Amewasindikiza Wafuasi Wangu

Jamani, leo mamangu amewatoa wafuasi wangu wote nje ya nyumba!

Ngojeni niwaambie.

Mnajua ile chaneli yangu ya kushona upya nguo za mitumba. Wiki hizi watu wamekuwa wakijitoa mmoja mmoja, na mimi kila mwisho wa video ni kuomba tu: msiniache, bonyezeni hapo chini.

Mama amekuja kunitembelea hapa mtaani Umoja kutoka Kitui. Leo alasiri aliketi kando yangu nikirekodi. Nilipomaliza, nikanyoosha mkono nizime simu.

"Unawafungia wageni mlango usoni hivyo?"

Mama akaichukua simu, bado inarekodi, akatoka nayo.

Pole pole, jamani. Akapita katikati ya shuka za majirani zilizoanikwa, jua likipenya, ua wote ukawa rangi ya chungwa. Mimi nyuma yake na mkasi mkononi.

Kwenye geti la ploti akaigeuza simu imtazame, akapunga mkono.

"Haya, nendeni salama. Mkifika mniambie."

Nikaiweka video kwenye chaneli vile vile, bila kukata kitu.

Sasa someni majibu.

"Tumefika, mama."

"Nimefika, mama. Niko Doha. Miaka minne sijasindikizwa na mtu."

Shida ni moja. Mama ameishikilia simu, chai imepoa, ananiuliza, "Na wale wengine?"

Kama uliitazama na hujasema umefika, tafadhali sema.

Amekataa kula.