Cheti cha Mbao za Materniti

Kabla ya kazi ile nilidhani nyumba humdhuru mtu kwa njia moja tu, nayo ni kumwangukia. Nilisomea ujenzi Bukavu, nikarudi Baraka kwetu, nikajenga madarasa, maghala ya samaki na nyumba za watu, na kila mara wasiwasi wangu ulikuwa juu ya msingi na paa. Kisha nikaajiriwa kusimamia vifaa katika ujenzi wa materniti mpya, yaani nyumba ya kujifungulia, na ndani ya mkataba mlikuwa na ukurasa ambao sikuwahi kuuona katika mkataba mwingine wowote. Ulisema kwamba mbao za dari na za makabati, gundi na rangi, vyote viwe na cheti cha kuonyesha kwamba havitoi mvuke wenye sumu ndani ya chumba.

Tuliitwa Bukavu siku tatu kufundishwa. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mhandisi kutoka Kinshasa, mpole, asiyeweza kueleza kitu bila kukishika mkononi. Alishika kipande cha tripleksi akasema kwamba ule haukuwa ubao kama tunavyoujua, bali maganda membamba ya mti yaliyobandikwa kwa gundi, na gundi hiyo hutoa mvuke kwa miezi mingi. Joto likiongezeka nao huongezeka, na unyevu vilevile. Akatueleza cheti kinavyopatikana: kipande hufungiwa ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, hukaa humo siku nyingi, kisha hewa ya mle ndani hupimwa. Alituambia tuwafikirie watoto wachanga, ambao huvuta pumzi haraka kuliko sisi na hulala saa zote chini ya dari lilelile. Nilirudi Baraka nikijiona nimepewa kazi ya maana. Nilimsimulia mke wangu habari za lile sanduku mpaka akaniomba nile kwanza.

Materniti ya zamani ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo, bila dari, yenye paa la manjanja, yaani mabati, yaliyotoboka. Mvua ikinyesha akina mama walisogeza magodoro. Mkunga mkuu pale alikuwa mama mtu mzima aliyemzalisha mama yangu watoto wake wanne wa mwisho, na alikuwa akinihesabu kama mmoja wa wanawe. Kila aliponiona aliniuliza kitu kimoja, ile nyumba mpya itakwisha lini.

Nilipendekeza dari liwe la mbao za kupasuliwa kwa msumeno wa mkono, zile zinazoshuka kutoka milima ya Fizi. Hazina gundi, na mti uliokauka vizuri hauna neno na mtu. Ofisi ya mradi kule Bukavu ilinijibu kwamba mbao hizo hazina cheti. Niliandika tena kueleza kwamba cheti kinahusu gundi, nazo hazina gundi. Wakanijibu kwamba mfadhili hataki maelezo, anataka cheti. Basi zikaagizwa tripleksi.

Barabara ya Makobola ilikuwa imekatwa na mto, kwa hiyo vifaa vilikuja kwa boti kutoka Uvira. Wabebaji walizipanga zile mbao ndani ya ghala, nami nikaingia na bahasha ya vyeti mkononi. Sikukaa sana. Macho yalianza kuwasha, nikahisi kitu kama pilipili nyuma ya koo, nikatoka nje kupangusa machozi. Mfanyabiashara aliyezileta alikuwa amesimama mlangoni akicheka kidogo, akasema ni harufu ya kitu kipya, hata viatu vipya vinanuka.

Nilisoma vyeti vyote nikiwa nimeketi juu ya mfuko wa saruji. Muhuri ulikuwepo, na sahihi pia. Lakini cheti kilitaja ubao mnene, na zetu zilikuwa nyembamba. Kilitaja kiwanda kimoja, wakati ubavuni mwa mbao palikuwa pamegongwa jina la kiwanda kingine. Nilimwonyesha yule mfanyabiashara. Alisoma taratibu, akanirudishia karatasi.

"Papye iko, muhuri iko," alisema. "Mi nilinunua pamoja na hii papye. Unataka nifanye nini, niende kuuliza ile fabrike?"

Hakuwa akidanganya, nadhani. Naye alikuwa ameuziwa vilevile.

Nilimpigia simu mkubwa wangu Bukavu. Nilimweleza yote, hata macho yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Hapa Kivu yote, nani iko na ile sanduku ya kupima?" Nilisema hakuna. Akasema basi siwezi kukataa kitu kwa pua. Boti lilikuwa limeondoka, mvua zilikuwa karibu, na mafundi walikuwa wakingojea. Alinishauri nitie sahihi ya kupokea, kisha niandike maoni yangu kwenye ukurasa wa pili.

Niliandika ukurasa mzima. Niliandika kwamba cheti na mbao havilingani, kwamba mbao zinawasha macho, kwamba naomba kipande kipelekwe kupimwa. Kisha nikatia sahihi kwenye ukurasa wa kwanza. Baadaye sana niligundua kwamba uliopelekwa kwa mfadhili ni ule wa kwanza peke yake. Sijui nani aliutoa wa pili. Labda hakuna aliyeutoa, labda mashine ilimeza karatasi moja.

Jengo lilipofunguliwa lilikuwa zuri kweli. Dari lilikuwa jeupe, madirisha ya vioo, na kila kitanda kilikuwa na kabati lake dogo. Akina mama waliingia wakivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilimwomba mkunga aache madirisha wazi mchana kutwa, naye akakubali, lakini yalikuwa yakifungwa tena. Vumbi la barabarani liliingia, au mama mmoja alihofia mwanawe kushikwa na baridi, na mvua ikaja. Mchana jua likipiga manjanja, joto lilishuka kupitia dari, na ile harufu ikashuka nalo.

Wiki ya tatu mkunga aliniita. Alikuwa ameketi nje kwenye baraza, kitambaa machoni.

"Mwanangu, ile nyumba inaniingia mu kifua," aliniambia. "Nikitoka, napona. Nikirudia, inaanza. Na batoto banapiga chafya tangu asubui. Ni nini uko umetia mule?"

Nilimweleza. Sikumficha kitu, hata sahihi. Akauliza kama tunaweza kurudi nyumba ya zamani. Lakini ya zamani ilikuwa imebomolewa ili matofali yake yajengee choo.

Siku hiyohiyo niliingia kuwaomba akina mama watoke wapumzike barazani. Wengi walitoka. Mmoja alikataa. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, aliyeletwa kwa pikipiki kutoka kambi ya Lusenda baada ya uchungu kukaa sana. Alikuwa amelala chali, mtoto kifuani, akitazama juu. Aliniambia kwa upole kwamba miaka yote aliyokaa kambini amelala chini ya turubali, na kabla ya hapo chini ya nyasi, na hii ndiyo mara ya kwanza analala chini ya dari. Alisema hasikii harufu yoyote mbaya, anasikia harufu ya upya. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimfungulia dirisha lililokuwa karibu naye na kutoka.

Miezi miwili baadaye dada yangu mdogo alikaribia kujifungua. Tangu utotoni kifua chake kilikuwa kibovu. Moshi kidogo ulitosha kumfanya avute pumzi kwa mluzi. Nilikwenda kwake kumwomba asiende pale. Mume wake, mvuvi mtulivu asiyependa mabishano, aliniuliza aende wapi basi. Mimba ya kwanza ilikuwa imemtoa damu nyingi. Mkunga anayemjua alikuwa pale, na dawa zilikuwa pale. Nilifikiri nitaje kituo kingine, na kilicho karibu kilikuwa mbali mno kwa mwanamke wa hali yake. Asubuhi ya uchungu nilimsindikiza mimi mwenyewe, nikibeba beseni na vitenge.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya pili, baada ya saa sita, joto lilikuwa kali na mvua ikaanza, madirisha yakafungwa. Nilipofika nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Mkunga alikuwa akitafuta dawa. Nilimbeba dada yangu kama mfuko, nikamketisha barazani mahali ambapo mvua haikufika, nikachukua kipande cha katoni nikaanza kumpepea. Hakuna kingine nilichojua kufanya. Nilisomea nondo na saruji. Mkunga alikuja na dawa ya kuvuta mdomoni, akamshikia, akawa akimhesabia pumzi kwa sauti ya chini mpaka mabega yakatulia.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Mvua ilipopungua alinitazama.

"Yaya," alisema, kama anavyoniita mimi kaka yake, "bananiambia ni we ulisaini hizi mbao."

"Njo mi," nilikubali.

Aliomba mtoto wake aletwe huko nje, akamnyonyesha. Afadhali angenilaumu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kujitetea, juu ya boti na mkubwa wangu na ukurasa wa pili, na yote yakabaki mdomoni.

Kesho yake nilipanda darini juu ya stoo nikakata kipande cha ubao. Nilikifunga kwa gunia safi, nikaandika tarehe na mahali, nikampa dereva wa lori aliyekuwa akipanda Bukavu sasa kwa kuwa barabara ilikuwa imefunguka. Nilikuwa nimempigia yule mama mhandisi wa Kinshasa, naye aliahidi kukitafutia njia ya kufika ng'ambo, kwenye maabara yenye lile sanduku. Nilingoja. Wakati wa kungoja tulifanya tulichoweza. Mume wa dada yangu na wavuvi wenzake walifunga turubali kubwa mbele ya baraza, vitanda vinne vikatolewa nje mchana. Makabati niliyaondoa kwa mikono yangu nikayatupa nyuma ya uzio, na kesho yake nikakuta watu wameshayabeba kwenda kuweka vyombo majumbani mwao. Nilizunguka nikiuliza ni nani ili niwaonye. Hakuna aliyekubali kwamba analo.

Dari sikuweza kulitoa. Niliomba ruhusa mara tatu. Mara ya tatu mkubwa wangu aliniambia kwa huruma kwamba jengo si langu wala lake, limeshakabidhiwa, na kubomoa dari lenye cheti kunahitaji karatasi kutoka mahali ambapo yeye mwenyewe hapajui.

Jibu la maabara lilikuja tulipokuwa tumekaribia kulisahau. Mama mhandisi alinisomea kwenye simu, akitafsiri kidogo kidogo. Walisema kipande kilipaswa kufungwa ndani ya karatasi ya alumini mara tu baada ya kukatwa, tabaka mbili, kisha mfuko usiopitisha hewa. Chetu kilikaa wiki nyingi ndani ya gunia, njiani, kwenye jua na upepo, na mvuke wake ulikuwa umeshatoka. Hawakuweza kusema kwamba ubao ulikuwa mbaya. Hawakuweza kusema kwamba ulikuwa mzuri. Aliniuliza kama naweza kukata kipande kingine. Nilimwambia mwaka ulikuwa umepita na hata darini sasa harufu ilikuwa imepungua. Akaniomba radhi kwamba hakutufundisha namna ya kufunga. Nikamwambia si kosa lake.

Mkunga wetu aliacha kazi kiangazi kilichofuata, akaenda kukaa kwa mwanawe. Nilikwenda kumwona. Alikuwa akikohoa, lakini alisema amekohoa miaka mingi, amepikia kuni maisha yake yote, nani ajue. Alinipa muhogo wa kuchoma, akaniuliza habari za watoto aliowazalisha, mmoja mmoja.

Wageni wa mfadhili walifika baadaye. Waliingia materniti, wakavuta pumzi ndefu, wakasema hewa ni nzuri. Na ilikuwa nzuri siku hiyo. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, alinipa fomu nijaze. Swali la nne liliuliza kama vifaa vyote vilipokelewa pamoja na vyeti vyake, na hapakuwa na nafasi ya kuandika zaidi ya alama. Nilimweleza kidogo habari za mbao, akanisikiliza kwa makini, akasema inasikitisha, lakini swali linahusu vyeti tu. Vyeti vilikuwepo. Niliweka alama kwenye ndiyo.

Dada yangu alihamia Kilembwe kwa wakwe zake, ambako mumewe sasa analima. Yule mtoto wao wa kike ana miaka mitatu. Msimu wa mvua kifua kinambana, na kila mara dada hunipigia simu kuniambia wamempeleka kituo cha afya. Muuguzi wa huko amesema huenda ni moshi wa jikoni, huenda ni damu ya ukoo, maana mama yake yuko hivyo. Dada huniuliza mi naonaje. Namwambia wapike mbali na mtoto, wafungue dirisha, wamfunike vizuri. Kisha namwomba amsogeze mtoto karibu na simu, nimsikilize anavyovuta pumzi.