Mtoto Anayemsomea Cucu Simu

Nyumbani kwetu Mukurweini, simu ya mama yangu husomwa na mtoto. Mama anasoma vizuri Biblia yake ya herufi kubwa, lakini maandishi ya simu anasema ni kama chawa waliomwagwa kwenye kioo, na miwani tuliyomnunulia huivaa siku za harusi tu. Kwa hivyo jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, hukaa kwenye kigoda karibu na jiko na kuita: "Mami, kuja unisomee dunia."

Mami ni binti wa dada yangu, yuko gredi ya nne. Dada anafanya kazi kwenye kinu cha mpunga huko Mwea, na mtoto anaishi na nyanya yake, cucu kwa Kikuyu, ambaye humwita mami kama wanavyoitwa wasichana wengi wa kwetu. Msichana naye humsomea cucu wake kila kitu kwa sauti ya mtangazaji wa habari: matangazo ya vifo, michango ya kanisa, na hasa ujumbe wa grupu ya maziwa, ambako wafugaji huambiwa saa ya gari la kuchukua maziwa na bei ya chakula cha ng'ombe. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo ilivyokuwa kwa majirani pia.

Jumamosi moja nilifika kutoka Nyeri mjini nikamkuta mama uani, anamwaga maziwa kwenye sahani ya mbwa.

"Ona hii maziwa," aliniambia kabla ya salamu. "Gari ilibadilisha saa, kijiji kizima kikaambiwa, isipokuwa mimi. Nimesimama barabarani na mtungi kama mtu anangoja bwana arusi."

"Kwani hawakuandika kwenye grupu?"

"Waliandika! Jirani ananicheka, ati nilitoka. Mimi nitoke niende wapi?"

Nilichukua simu nikatafuta. Kweli, grupu ya maziwa haikuwepo. Grupu ya kanisa ilikuwepo, ya akina mama ilikuwepo, ya maziwa ilikuwa imefutwa kabisa. Mama alinitazama nikitafuta, kisha akasema polepole kwamba mtoto amekataa kumsomea tangu katikati ya wiki. Kichwa kinamuuma. "Na kichwa chenyewe kinauma saa ya simu tu," alisema, na sote wawili tukaelewa pamoja. Simu haijitoi yenyewe kwenye grupu.

"Mami!" aliita.

Sauti ile naijua. Ndiyo iliyotulea, na ilikuwa ikituondoa juu ya mti wa mapera tukiwa bado hatujaonekana. Mtoto alitokea mlangoni, midomo imebanwa kama mtu aliyebeba maji kinywani. Nilimtazama nikaogopa. Sikujua anaficha nini, lakini nilijua kwamba akigombezwa sasa hivi atakimeza, na hakitatoka tena.

"Mama, niachie," nilisema. "Tunaenda kukata nyasi."

Kwetu hatukai tukitazamana machoni ili tuseme mambo magumu. Tunatafuta kazi. Tulishuka bondeni kwenye nyasi za nepia, mimi na panga, yeye akipanga majani kwenye kamba. Ukungu ulikuwa umeondoka, na Mlima Kenya ulikuwa umejitokeza mzima, mweupe kileleni, jambo ambalo siku nyingine lingenifanya nisimame. Sikusimama. Nilikata, nikangoja.

"Tata," alisema mwishowe, kama anavyoniita mimi dada ya mama yake, "nikikuambia kitu, unaweza kukosa kumwambia cucu?"

"Siwezi kuahidi kabla sijasikia. Lakini naahidi hutachapwa."

"Mimi sijali kuchapwa." Alivuta kamba kwa nguvu. "Cucu ndiye atakufa. Ako na presha."

Niliacha kukata, nikajilazimisha kuendelea.

Akanieleza akiwa ameyainamia majani. Kulikuwa na video kwenye grupu ya maziwa. Alidhani ni ya dawa ya kupe, kwa sababu huwa wanatuma za dawa ya kupe. Akaifungua. "Ilikuwa watu wakubwa, tata. Wanafanya tabia mbaya." Aliizima, akaweka simu chini ya mto, akaenda kuwafungia kuku. Usiku ule alilala akifikiria kwamba cucu ataishika simu, ataiona, na moyo wake utasimama. Asubuhi alitoka kwenye grupu, akaifuta, na tangu hapo akawa na kichwa.

Siku hizo zote alikuwa akimlinda mtu mzima, peke yake.

"Hujakosa," nilimwambia. "Ulitumwa kufungua, ukafungua. Aliyekosa ni aliyetuma. Na macho yako bado ni yako, hayajachafuka."

"Kila saa nakumbuka."

"Utakumbuka kidogo kidogo mpaka iishe. Na ikikusumbua unaniambia, hata kama nimelala, hata kama niko kazini."

Hapo akalia, kilio cha kawaida cha mtoto chenye kamasi na kelele. Alichokificha kilikuwa kimetoka. Tulipobeba nyasi kupanda kilima alikuwa tayari analalamika kwamba mzigo wangu ni mdogo kuliko wake.

Alikubali nimwambie cucu, kwa sharti moja. "Kwanza anywe dawa."

Basi mama aliletewa kidonge na maji, akameza akiuliza kwa nini leo anatunzwa kama mgonjwa. Kisha nikamwambia. Nilipomaliza, mtoto alimshika cucu wake mkono, nadhani ili ahakikishe bado ana joto.

"Kwa hivyo ulikuwa unanilinda mimi," mama alisema.

Mtoto alitikisa kichwa kukubali.

"Mami, mimi nimezaa, nimezika, nimevuta ndama kutoka kwa ng'ombe na hii mikono. Hii presha haiwezi kushindwa na simu. Wewe ndiye hukufaa kuona hiyo takataka." Alimvuta akamkalisha kwenye mapaja, ingawa miguu ya mtoto siku hizi inafika chini. "Siku nyingine uniite. Hata ukinipata na hasira ya maziwa, uniite."

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza mama kituo cha maziwa. Wafugaji walikuwa wamepanga mitungi wakingoja gari. Mama alimwendea mwenyekiti wa grupu moja kwa moja, akamuuliza kuhusu ile video mbele ya wote.

"Tuliifuta, mama," mwenyekiti alisema, akiwa na haya. "Ni namba ya kigeni, iliingia na ile linki ya kujiunga tulikuwa tunatumiana kila mahali. Lakini usijali, wazee wengi hata hawakuiona."

"Wazee hawakuiona kwa sababu wazee hawasomi," mama alijibu. "Wewe, kwako simu inasomwa na nani?"

Mwenyekiti aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwake. "Mjukuu," alisema.

"Na kwako?"

Mzee aliyefuata alikohoa. "Kasichana ketu." Mama hakuhitaji kuendelea. Nilimwona kila mtu pale akijiuliza mwenyewe, na mama mmoja akamwachia jirani mtungi wake akarudi nyumbani haraka, leso ikimdondoka.

Linki ilifutwa papo hapo. Ilikubaliwa kwamba mwenyekiti peke yake ndiye atakayetuma ujumbe, tena wa sauti, ili mwenye macho mazito asikie mwenyewe. Mimi nilizunguka kati ya mitungi nikiwaonyesha waliotaka jinsi ya kuzuia video zisijipakue zenyewe. Jioni yule mama wa leso alinipigia. Mjukuu wake alikuwa ameiona pia. "Alikuwa anangoja tu aulizwe," alisema, akavuta pumzi ndefu iliyosikika mpaka kwangu.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani tena. Sauti ya mtangazaji imerudi. Sasa mama hukaa naye bega kwa bega, amevaa miwani ya harusi. Walikuwa kwenye matangazo ya kanisa mtoto alipokomea katikati ya sentensi.

"Cucu, kuna mtu ametuma kitu. Simjui." Hakuwa amegusa. Alimpa simu.

Mama aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Hata mimi simjui. Futa."

Mtoto akafuta.

"Haya, mami, endelea. Harambee ni lini?"