Kwenda Kabambare Kutafuta Mwisho wa Hadithi ya Swala

Niliondoka Kasongo kwa sababu ya swala. Padri wa misioni alikuwa amekubali kuchapa hadithi zangu za watoto, lakini ile niliyoipenda kuliko zote, ya swala aliyetaka kuvuka mto wenye mamba, haikuwa na mwisho. Marehemu mama, Mbangubangu wa Kabambare, alinisimulia nikiwa mdogo, na kila mara usingizi ulinichukua kabla hajamaliza. Dada yake, Mama Mukubwa Anjelani, alikuwa bado hai. Nikafunga mzigo. Shangazi Mwavita, dada ya baba, Mwislamu wa mjini aliyenilea baada ya mama kufa, akafunga wake pia.

"Hadithi ile hata siye tunaijua," alisema. "Watu wa kule watakuharibia."

Sikuwa nimemwalika.

Asubuhi tulipanda lori la pamba, tukakaa juu ya magunia. Hatujafika mbali, askari akatusimamisha. Musungu wa teritware, mtawala wa wilaya, alikuwa anapita njia ile, na gari lingine lisimtangulie wala kumrushia vumbi. Wanakijiji walikuwa wakifyeka majani kandokando ya barabara, nasi tukangoja juani mpaka kivuli cha lori kikahamia upande wa pili. Alipopita hakutuangalia. Shangazi alinilaumu mimi.

Kijiji cha Wamaza tulifika jua likishuka. Wenyeji wetu, mkulima Mkristo aitwaye Baba Petelo na mkewe, walitukamatia kuku.

"Nani atachinja?" Shangazi akauliza.

"Miye mwenyewe," akasema Baba Petelo.

"Hapana, baba. Heshima yako iko, lakini sitakula."

Ikabidi Mwislamu atafutwe kijiji cha pili. Kuku alifungwa mguu wa meza, nasi tukangoja tena. Mchinjaji alipotokea, watoto wa nyumba walikuwa wamekwisha kumlisha kuku yule na kumpa jina, na wakamlilia kama ndugu. Kuku akaachwa, tukala ugali na sombe, majani ya muhogo. Hasira ilinizuia hata kucheka.

Tulipofika Kabambare, Mama Mukubwa alinishika mashavu, akalia kidogo, kisha akatuketisha barazani na ungo wa karanga za kubambua. Wajukuu wake wakatuzunguka. Nikaomba hadithi.

"Swala alikuwa anaenda kuona mama yake," akaanza.

"Alikuwa anaenda soko ya Nyangwe," Shangazi akamkata.

"Swala anauza nini kwa soko?"

"Na mama yake swala anakaa ng'ambo na mamba, kwa nini?"

Watoto wakacheka, wakagawanyika, hawa wa soko, hawa wa mama. Karanga zikaisha, swala hajatia hata kwato majini. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema kwa sauti ambayo mtu hatumii mbele ya wakubwa: "Nimetoka Kasongo kwa ajili ya mwisho tu. Mwisho wake ni nini?"

Mama Mukubwa akapangusa mikono.

"Mwanangu, haikuwa na mwisho moja. Mama yako alikuwa anaitunga kila siku. Kama ulipigwa na wenzako, swala anamupiga mamba. Kama uliogopa, mamba anamubeba polepole mpaka ng'ambo. Alikuwa anaangalia kwanza wewe uko namna gani."

Shangazi akasema taratibu: "Kweli. Hata miye nilikuwa namusikia."

Safari ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko ya kwenda. Mvua ilitukuta, lori likazama kwenye tope, na Shangazi, aliyekwisha kupatana na Mama Mukubwa, alinisimulia njia nzima makosa yangu mimi.

Padri alikubali mwisho nilioandika, ingawa aliuona mfupi. Wanangu, nilipowasomea nyumbani, waliukataa, kila mmoja akitaka wake. Hilo ndilo nililojifunza katika taabu ile yote: kabla ya kumaliza hadithi yoyote, mimi huuliza kwanza nani amelia leo nyumbani.