Salamu iliyowafukuza nguruwe pori

Asubuhi ya leo nimenyamaza dakika moja tu, na kijiji kizima kinasema sina adabu.

Hapa kwetu, nje kidogo ya Buseresere, nguruwe pori wamekula nusu ya mihogo yangu. Siku tisa nimebeba machicha ya pombe na kuyamwaga ukingoni mwa shamba ili wazoee kuja sehemu moja. Kila siku nakagua nyayo. Nikajua wanatokea upande gani, na kwamba huja jua likianza kuchomoza.

Leo askari wa wanyamapori akaja na bunduki. Tukajificha nyuma ya kichuguu.

Wakatoka. Saba, wanene kwa mihogo yangu.

Askari akalenga.

Ndipo jirani yangu, Mzee Masanja, akafika nyuma yetu na jembe begani. Nikaweka kidole mdomoni kumwomba anyamaze. Akasimama, akasubiri nimwamkie.

Jamani, ningesemaje shikamoo wakati ule?

"Mama Neema," akasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "siku hizi wazee hatuamkiwi?"

Nguruwe wote wakatimkia vichakani. Askari akashusha bunduki na kunitazama kama mimi ndiye niliyepiga kelele.

Mchana nikaenda kwa mzee kuomba radhi, maana maneno yalishafika kisimani. Nikapiga magoti, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Sasa hao nguruwe mtawaua lini? Wananimalizia viazi."

Nyie mngemjibu nini? Mimi nimeaga tu, nimeondoka.